Hela ya King'ora

Hebu mwone anavyoingia. Lango la kituo cha zimamoto limefunguka nusu tu, kwa kuwa bawaba moja ilikatika na jiji halijapata hela ya kuichomelea. Mwanamume mrefu, mabega yameinama kidogo, anapita ubavu ubavu ili shati lisinase kwenye kutu. Kwapani ana bakuli la chakula alilofungiwa na mkewe. Hamsalimu mtu. Anakwenda moja kwa moja kwenye gari jekundu lililosimama uwanjani, anafungua kifuniko cha tenki la dizeli, anatumbukiza kijiti, anakitoa, anakitazama. Kimelowa nchani tu, kama ulimi wa paka. Anakifuta kwenye suruali taratibu, huku akiangaza kushoto na kulia kama mwizi.

Huyo ndiye King'ora, dereva wa gari la zimamoto. Jina alilopewa na mama yake analo, limeandikwa kwenye kitambulisho, lakini ukimtafuta kwa jina hilo utazunguka mji mzima mpaka viatu viishe soli. Sema King'ora, utashikwa mkono upelekwe hadi mlangoni.

Sasa, ili uelewe kwa nini kijiti kile kilimtoa mtu mzima kijasho chembamba asubuhi ya baridi, lazima kwanza nikueleze desturi ya pale.

Kituo cha zimamoto kinatazamana na soko kuu, barabara tu ndiyo inayovitenga. Gari lile lilipoletwa, jipya, linanukia rangi, mkuu wa kituo wa wakati ule aliagiza injini iwashwe na king'ora kilizwe kila asubuhi, kuhakikisha ni kizima. Basi. Hakuwa na nia nyingine. Lakini watu wa sokoni ni watu wa sokoni, hawaachi kitu kikapita bure. Wakakifanya saa yao. Kikilia, makufuli yanafunguliwa, mabati yanapandishwa, na mkusanya ushuru wa jiji anaanza kupita meza kwa meza. Ukawa ndio utaratibu. Na kwa kuwa ushuru ulikuja nyuma ya mlio, wakaubadilisha jina. Wakauita hela ya king'ora.

"Shika hela ya king'ora, kaka."

Mtu akitaka kukwepa kulipa, majirani wenyewe wanamshukia: "Wewe, moto ukikuwakia tukupulizie kwa midomo?" Atacheka, atatoa.

Hilo lilikuwa jema. Lakini lilikuja na jingine. Zamani kila mfanyabiashara alikuwa na pipa la maji mbele ya kibanda chake na ndoo ya mchanga pembeni. Gari lilipokuja, mapipa yakaonekana yanakula nafasi. Mmoja akaligeuza lake meza, mwingine akawekea mkaa. Mke wa King'ora, ambaye anauza magodoro katika safu ya pili na soko zima linamwita Mama Magodoro, yeye lake alilijaza vipande vya sponji vya kujazia mito. "Maji ya nini," alisema, "na mume wangu ndiye anayekaa na mto mzima wa maji ng'ambo ya barabara?"

Usimcheke. Ungekuwa wewe, ungesema vilevile.

Kabla ya zimamoto, King'ora aliendesha lori la taka la jiji. Huko ndiko alikojifunza kuogopa. Mji, aliwahi kumwambia mkewe, hauanguki kama mti, kwa kishindo. Unaishiwa kama mgonjwa anayekataa kwenda hospitali. Kwanza gurudumu la akiba liliuzwa kimyakimya. Kisha kituo cha mafuta kikaanza kudai kilipwe deni la nyuma kwanza. Kisha akaja mkubwa mmoja uwanjani, amevaa vizuri, amebeba faili, akawaambia madereva: "Vumilieni, ni wiki hii tu." Malori yale yamesimama uwanjani mpaka leo. Nyasi zimepita katikati ya magurudumu na kuku wa mlinzi wanataga kwenye viti.

Ndiyo maana siku ile mweka hazina wa jiji alipopita ubavu ubavu kwenye lango bovu, amevaa vizuri, amebeba faili, King'ora alijua litakalosemwa hata kabla mtu yule hajafungua mdomo.

Waliketi ofisini kwa mkuu wa kituo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwapo pia Mpira, mshika bomba la maji, mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, mama," mweka hazina alianza. Alikuwa kijana kuliko walivyomtarajia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Sikuja kuwadanganya. Mafuta hakuna. Kituo cha mafuta kimetufungia, na hawana kosa, tunadaiwa."

"Tunajua, mwanangu," mkuu alisema. "Tunataka kujua yatakuja lini."

"Stendi ile mpya ya mabasi tuliijenga kwa mkopo. Kila hela inayoingia benki, benki inajikatia kwanza, sisi tunabaki kuchungulia. Wenye maghorofa wamekimbilia mahakamani kupinga kodi ya majengo, na kesi inaendelea. Ruzuku tuliyoahidiwa kutoka serikalini tunaisikia redioni tu. Kwa hiyo mkononi kumebaki hela ya soko. Hiyo ndiyo dawa za zahanati. Hiyo ndiyo wafagiaji. Hiyo ndiyo mishahara yenu."

"Kukopa harusi, kulipa matanga," Mpira alinong'ona.

"Ni kweli, kaka. Na mimi harusi sikuwapo, nimekutana na matanga." Mweka hazina alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ombi langu ni moja. Wenye soko wakijua gari halina mafuta, watagoma kulipa. Wakigoma, hata hayo mafuta hatutayaona kamwe. King'ora kinatumia betri, si ndiyo? Basi msiwashe injini. Lizeni king'ora peke yake, kama kawaida. Nitawapatia dizeli."

"Lini?" King'ora aliuliza.

"Vumilieni. Ni wiki hii tu."

Unaona? Maneno yaleyale.

Asubuhi iliyofuata alipanda kwenye gari, akakaa, akaweka kidole kwenye kitufe. Injini kimya. Kupitia kioo aliona ng'ambo wafanyabiashara wamesimama na funguo mikononi, wanapiga soga, wanamsubiri yeye. Akabonyeza. Mlio ukatoka uleule, mzuri, wa kujiamini. Mabati yakapandishwa safu kwa safu.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Mpira alimwambia alipokuwa akishuka, akijaribu kumchekesha.

"Nyamaza, bwana."

"Nasema tu. Sauti imetoka safi. Mimi mwenyewe ningelipa."

Kuanzia siku hiyo, King'ora akawa mtu wa roho juu. Akisikia sauti ya chuma sokoni, anaruka. Akiona moshi wa muuza chai, anasimama mpaka auone umekuwa mwembamba. Mchana alikuwa akivuka barabara kumrudishia mkewe bakuli, lakini kwa kweli alikuwa anakagua. Anapita kwenye safu za vibanda akiangalia nyaya zilizochubuka, majiko, vitambaa vilivyoning'inia, kila kitu kimekuwa kiberiti machoni pake.

"Mke wangu," alisema siku moja, akigonga lile pipa la sponji. "Hili si lingejazwa maji?"

"Maji?" Mama Magodoro alikuwa akimshonea mteja mto, uzi uko mdomoni. "Na hizi sponji nizivae?"

"Nasema kwa usalama."

"Usalama si ndio wewe?" Akacheka, akamgeukia jirani yake muuza mapazia. "Shoga, msikie huyu. Mpishi anatuambia tubebe chakula kutoka nyumbani!"

Jirani akacheka. King'ora naye akalazimisha kucheka. Alitaka kusema. Maneno yalifika kooni, yakakutana na sura ya mweka hazina, na mishahara, na zahanati aliyozaliwa mtoto wao wa mwisho, yakarudi chini. Ukimwambia mmoja sokoni, umeliambia soko. Alivuka barabara na bakuli tupu mkononi; alikuwa amesahau kulikabidhi.

Moto wenyewe ulikuja mchana kweupe, jua la utosi.

Mchomelea vyuma alikuwa akirekebisha mlango wa kibanda safu ya pili. Cheche moja iliruka, kama cheche zote zinavyoruka, ila hii ilipata pa kutua. King'ora aliona moshi kabla ya kusikia kelele. Moshi mweusi, mzito, wa sponji. Akajua ni safu gani.

"Moto! Jamani moto! Zimamoto!"

Alikuwa kwenye usukani bila kukumbuka alipandaje. Akawasha. Injini ikakohoa, ikashika. "Ee Mungu, hadi pale tu," alisema kwa sauti. Mpira alikuwa ameshadandia pembeni. Gari likapita langoni likilitoa bawaba iliyobaki, likaingia barabarani, king'ora kinalia, watu wanapisha, wanapiga makofi: "Wamekuja! Wamekuja!"

Katikati ya barabara injini ikashtuka mara moja, kama mtu aliyeitwa jina, ikazima.

King'ora alikuwa bado anabonyeza king'ora. Akakiachia. Akazungusha ufunguo. Hakuna. Akazungusha tena. Mbele yake moshi ulikuwa unapanda juu ya mabati ya safu ya mkewe, na ndani ya moshi kulikuwa na watu wanaokimbia, na hakumwona yule mmoja aliyekuwa anamtafuta.

"Sukumeni!" alipiga kelele mchukuzi mmoja wa mizigo. "Mnasubiri nini, sukumeni!"

Na wakalisukuma. Hebu fikiria gari lile, tumbo limejaa maji, linasukumwa na wachukuzi, wauza nyanya, wanawake waliofunga kanga viunoni, mpaka na wateja waliokuja kununua sahani. King'ora alishika usukani akilia waziwazi. Hawakujua kwa nini analia. Walidhani ni moshi.

Walipofika, Mpira alikimbia na bomba, akasimama mbele ya moto, miguu ameitanua, mdomo wa bomba ameuelekeza mbele. "Maji!" aliita. "King'ora, maji!" Ndipo hata yeye akakumbuka. Pampu inaendeshwa na injini. Bila injini, maji yote yale yalikuwa kama pesa iliyofungiwa benki. Iko, ni yako, huigusi.

King'ora alijitupa chini ya gari, akaitafuta koki ya chini, ile ya kumwagia maji machafu, akaifungua kwa mikono miwili. Maji yakatoka, yakamgonga kifuani, yakaanza kutiririka ardhini.

"Ndoo! Leteni ndoo! Sufuria! Chochote!"

Wakapanga mstari. Mabeseni, madebe, vyungu vipya vikiwa bado na bei. Nusu ya maji iliingia mchangani, nusu ikaingia motoni. Safu ya pili ilipoteza vibanda viwili vizima na upande mmoja wa kibanda cha magodoro. Kilichowaka zaidi kuliko vyote, walisema baadaye waliokuwa karibu, kilikuwa pipa moja la chuma lililojaa vipande vya sponji. Liliwaka kama mwenge, ndilo lililoubeba moto kutoka kibanda hadi kibanda.

Mama Magodoro alipatikana akiwa ameketi juu ya godoro lililolowa, mkono wa kushoto umeungua hadi kwenye kiwiko, nywele za mbele zimesinyaa. Alikuwa hai. Hakuna aliyekufa.

"Betri," mkuu wa kituo alimnong'oneza King'ora, huku akimshika bega kwa nguvu iliyoizidi sauti yake. "Wakikuuliza, ni betri. Mafuta yatakuja. Tusiwatie hofu sasa hivi, watu wamechanganyikiwa."

Na watu walimuuliza. Tena kwa upendo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walimzunguka, wakamshika mabega, wakamwita shujaa. "Lilikuwa na nini gari, ndugu yetu?"

"Betri," alisema King'ora.

Jioni nyumbani, mkewe naye aliuliza, mara moja tu. Alikuwa kitandani, amelaza mkono uliofungwa bandeji juu ya mto.

"Baba watoto. Ni betri kweli?"

"Betri."

"Haya," alisema, akageukia ukutani.

Naam. Asubuhi yake akaingia tena langoni, ubavu ubavu kwa mazoea, ingawa sasa lango lote lilikuwa limelala chini. Gari lilikuwa limesharudishwa uwanjani, kwa kusukumwa vilevile. Dizeli haikuwapo. Alipanda, akakaa, akaweka kidole kwenye kitufe. Ng'ambo soko lilikuwa limefungwa, watu wana funguo mikononi, kama kawaida.

Ila safari hii hawakusimama ng'ambo. Walikuwa wanavuka.

Mbele kulikuwa na mkokoteni, unasukumwa na yule mchukuzi wa jana. Nyuma yake muuza mapazia, muuza vyombo, mchomelea vyuma ameinamisha kichwa, na Mama Magodoro na bandeji yake. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa. Mchukuzi alikifunua kama anafunua bibi harusi.

Betri. Kubwa, mpya, inang'aa.

"Tumechanga, ndugu yetu," muuza vyombo alisema. "Jiji tunaijua hali yake. Tukisubiri jiji tutazeeka. Hata walioungua wametoa."

"Hata mimi," alisema mchomelea vyuma, kwa sauti ya chini. "Mimi nimetoa zaidi."

"Lazima utoe zaidi, umetuwashia jiko bila sufuria!" mtu alisema nyuma, watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka. "Haya King'ora, ifunge, utulizie, tukafungue!"

Mkuu wa kituo alikuwa ametoka ofisini, amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mpira, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa anatazama viatu vyake.

King'ora alishuka. Aliishika ile betri, akahisi uzito wake, akafikiria dizeli ambayo uzito ule ungenunua. Hofu aliyokuwa nayo wiki nzima ilikuwa ya moto. Sasa ikaja nyingine, ya nyuso. Hizi zilizokuwa mbele yake, zikigeuka.

"Betri ni nzima," alisema.

"Nini?"

"Ilikuwa nzima jana. Gari halina dizeli. Halikuwa nayo wiki nzima. Nilikuwa nawalizia king'ora kitupu."

Akaendelea, maana akisimama asingeweza kuanza tena. Akawaambia yote: stendi na mkopo wake, benki inayojikatia kwanza, maghorofa yaliyokimbilia mahakamani, zahanati, wafagiaji. Akawaambia kwamba hela yao ndiyo iliyobaki mkononi mwa jiji. "Msipolipa, dizeli haiji, hilo nina hakika nalo. Mkilipa," sauti ilimkatika, "mkilipa, siwezi kuwaapia kwamba itakuja. Inaweza kuziba tundu jingine. Rudisheni mapipa yenu. Jazeni maji. Leo hii, kabla ya kuuza chochote."

"Na mimi nilikuuliza," mkewe alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza kitandani."

"Uliniuliza."

"Pipa langu ndilo lililobeba moto."

"Nilikwambia ulijaze maji," alisema, na hapohapo akaona aibu. "Sikukwambia kwa nini."

Minong'ono ilianza, kisha kelele. Mmoja alisema jiji lote ni wezi. Mwingine akasema huyu angalau amesema. Mchukuzi alirudisha kitambaa juu ya betri polepole. Na kelele zilikuwa bado hazijatulia mkusanya ushuru alipotokea, begi lake begani, kitabu cha stakabadhi mkononi. Alikuwa amesubiri mlio, haukuja, akaja kuona kuna nini. Mzee mtaratibu, hana ubaya na mtu, mshahara wake naye haujaingia. Alisikia mawili matatu, akaelewa, akasita. Lakini kazi ni kazi. Akanyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa karibu naye zaidi.

Alikuwa Mama Magodoro. Kwenye kiganja cha mkono wake mzima alikuwa amekunja noti ya ushuru, kama kila asubuhi.

Soko zima likamtazama. Kila mmoja alijua kwamba atakachofanya yeye, aliyeungua, ndicho watakachofanya wao. King'ora naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakujua hata kidogo mkewe anawaza nini.

Mkono wa mzee ulikuwa bado umenyooshwa. Wewe ungekuwa yule mama, ungefungua kiganja?